Diski Aliyoizima Kafui

Kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwa Efo, yaani Kaka, Kafui Agbozo utaijua kwa karatasi. Ni kikaratasi cha daftari, kimeandikwa kwa wino wa buluu na kubandikwa kwa gundi ubavuni mwa boksi, mahali ambapo hata kipofu angekipapasa: nimefanya hiki, nimezima kile, sijatoa kitu. Chini yake kuna jina lake lote, kana kwamba anatia sahihi cheti cha ndoa. Hapa Ho kuna kompyuta zenye vikaratasi vitatu, vinne, na watu humtania kwamba siku akifa hatutahangaika kumwandikia wasifu wa msibani, tutapita nyumba kwa nyumba tukibandua. Naye hucheka. Lakini hacheki sana, na sisi tunaojua kikaratasi cha kwanza kilitoka wapi hatumtanii Mwalimu Dzokoto akiwepo.

Kafui alianza na taipureta. Mjomba wake alikuwa na kibanda mkabala na stendi ya magari, akitengeneza taipureta za mahakama na za shule, na Kafui alikulia chini ya meza ile akiokota springi zilizoruka. Taipureta zilipokwisha, mjomba alikufa kwa huzuni, au kwa shinikizo la damu, inategemea unamwuliza nani, na Kafui akajifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga mpaka zikamzoea. Ni mtu msafi. Ananawa mikono kabla ya kugusa kazi na baada ya kazi, kama mkunga.

Sasa, mjini kwetu fundi wa kompyuta alikuwa haaminiki. Palikuwa na mmoja, simtaji, ambaye ukimpa mashine yenye afya anakurudishia mashine yenye kikohozi, vipuri vya ndani vyote amevibadili. Tangu hapo watu wakaanza kupaka rangi ya kucha juu ya skrubu za boksi. Rangi ikipasuka, unajua mtu ameingia. Kila nyumba ilikuwa na rangi yake, na fundi alikuwa hafungui boksi bila mwenye rangi kuwepo. Kafui hakuona hilo ni tusi, aliliona ni nafasi. Akajizoeza kwamba kila akimaliza kazi anasimama mlangoni, anafungua viganja vyote viwili, anageuza mifuko nje, halafu ndipo anaaga. Efo Kafui hatoki na kitu. Ikawa ndiyo sifa yake, na sifa ikimkaa mtu vizuri huanza kuivaa hata pasipohitajika.

Mwalimu Dzokoto alimfundisha Kafui darasa la tano, kama alivyofundisha nusu ya mji, na ndiye aliyemtoa kwenye kwaya ya watoto kwa sababu sauti yake ilikuwa inashuka kama mtu anayeteremka mlima Adaklu. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu aliongoza kwaya ya kanisa letu, na nyimbo nyingi tulizoimba alizitunga mwenyewe, kwa Kiewe, akiziandika kwa solfa, zile do-re-mi za herufi na nukta zinazopangwa kwa safu nne. Wakristo wenzetu wa Bremen walipoiletea kwaya kompyuta kuukuu, yenye diski mbili ndani yake, ikawekwa sebuleni kwake, na yeye akiwa na miaka sabini akaanza kuchapa nyimbo zake zote kwa kidole kimoja. Kila nukta mahali pake. Kila safu chini ya mwenzake. Ilimchukua miaka mitatu.

Na ni Kafui aliyemwambia kuwa karatasi ni chakula cha mchwa, kwamba kilichomo kwenye kompyuta kimekaa. Mzee alimwamini. Alipomaliza kuchapa, madaftari yake yote alimpa mama muuza karanga wa pale getini, na msimu mzima sisi tulikula karanga zilizofungwa ndani ya alto na besi, tukilamba chumvi na kutupa.

Mkewe, Mama Filomena, alikuwa ameshafariki wakati huo. Wimbo aliomtungia uliimbwa mara moja tu, siku ya mazishi, kisha mzee akauchapa kama mingine na hakutaka uimbwe tena. Binti yao mmoja, Enyonam, anaishi Tema na anafanya kazi bandarini. Ndiye aliyepaka rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea, kwenye skrubu za kompyuta ya baba yake.

Ilikuwa kabla ya Pasaka. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa imekuwa nzito kiasi kwamba akishaiwasha anakwenda kuoga, anakula akple yake, ugali wa mahindi na muhogo, na mchuzi wa bamia mpaka anakomba bakuli, akirudi bado inajikunakuna. Akamwita Kafui. Kafui akaweka sikio, akasikia diski mojawapo inaparuza kama kuku chini ya kitanda. Alichungulia ndani yake mara moja: majina ya Kijerumani kutoka juu mpaka chini, na picha za watu waliosimama kwenye theluji. Akasema moyoni kuwa hii ni mizigo ya wenyewe, waliisahau. Hakufungua zaidi. Angefungua folda moja tu zaidi, angeiona ile ambayo mchungaji aliyeileta kutoka Bremen alimtengenezea Mwalimu katikati ya zile za kwao, na ndani yake nyimbo arobaini na tatu. Mzee hakuwahi kujua kuwa kuna diski mbili. Alijua njia moja tu ya kufikia nyimbo zake, bofya hapa, bofya pale, na ilimtosha.

Njia ya haki ilikuwa kufungua boksi na kuichomoa ile diski, kisha kumkabidhi mwenyewe mkononi. Lakini rangi ilikuwa nyekundu na Enyonam alikuwa Tema, na Kafui hakuwa mtu wa kupasua rangi ya mtu. Basi akaingia kwenye ule ukurasa wa buluu unaojitokeza kabla kompyuta haijaamka, ukurasa ambao mteja haujui na mafundi ndio sebule yao. Akatafuta mstari wa diski ya pili. Akauzima. Hakugusa skrubu hata moja. Mwalimu alikuwa jikoni akimtafutia maji ya kunywa, na kabla hajafika na gilasi kompyuta ilikuwa imeshaamka, inamsubiri. Mzee alicheka mpaka maji yakamwagika.

Kafui alikusudia kumwambia. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini mzee alikuwa anacheka, anamsifu, anamwita daktari, na kule kibandani zilikuwa zinamngoja mashine sita za watu waliotaka kuchapa matangazo ya mazishi. Akasimama mlangoni, akafungua viganja, akageuza mifuko, akaenda. Akasahau. Kosa la kwanza lilikuwa hilo tu, nalo lingesameheka.

Siku ya tisa Mwalimu alimpigia simu kwamba nyimbo hazionekani. Kafui alikuja mara moja, na ni haki kusema kwamba alitafuta kwa bidii, akaipekua ile diski moja iliyobaki kona kwa kona. Hakukuwa na wimbo hata mmoja. Ile ya pili haikumjia akilini kabisa, kwa sababu ukishaizima kule kwenye ukurasa wa buluu haionekani popote tena, na akilini mwake alikuwa ameshaihesabu kuwa ni takataka za Wajerumani. Mzee alisimama nyuma ya kiti akingoja. Kafui akageuka na kumwambia kile ambacho mafundi wote humwambia mteja:

"Mwalimu, kompyuta haifuti kitu yenyewe. Hufutwa na mkono."

Mzee hakubisha. Aliuinua mkono wake wa kulia, akautazama, akaurudisha mfukoni.

Jumamosi ile, wakati wa mazoezi, Mwalimu Dzokoto alisimama mbele ya wanakwaya sitini na kusema kuwa nyimbo zimefutika na aliyezifuta ni yeye, kwa mkono wake, na hakumbuki hata ilikuwa lini. Akasema uzee hauna haya, unaingia bila hodi. Akawaomba radhi. Kisha akampa kijana Elikem, kiongozi wa sauti ya tena, kile kijiti cha kuongozea, akaenda kukaa benchi la nyuma. Kafui hakuwepo. Alisimuliwa na mkewe, Esinam, ambaye ni alto, na Esinam alikuwa akisimulia huku machozi yanamtiririka hata akashindwa kumenya muhogo. Kafui alitikisa kichwa akasema maskini mzee wa watu. Alisema kwa huruma ya kweli, na ndiyo maana baadaye maneno yale yalikuja kumchoma kuliko yote.

Kwaya ilijaribu kuzikumbuka. Walizipata kumi na moja, kwa ugomvi, maana alto walikuwa na zao na besi walikuwa na zao, na Elikem hakuwa na umri wa kumwambia mama wa miaka sitini kuwa amekosea. Za mazishi hazikupatikana. Ule wa Mama Filomena hakuna aliyethubutu hata kuutaja.

Lakini kilichotuuma zaidi ni mzee mwenyewe. Mtu aliyekuwa akijua siku ya kuzaliwa ya kila mwanafunzi wake akaanza kujishuku. Alifunga mlango, akarudi kuujaribu, akafika getini, akarudi tena. Alitia chumvi kwenye mchuzi halafu akakaa anautazama, hajui kama ametia. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameambiwa kwamba mkono wake hufanya mambo bila yeye kujua, akaamini, na tangu hapo akawa anaulinda ule mkono kama mtu anayelinda mwizi. Hakutunga tena. Akiulizwa alisema kuna nini cha kutunga, nitunge nifute?

Enyonam alikuja mara mbili, akayaona hayo, na mwezi wa kumi akakata shauri: baba anahamia Tema, nyumba itapangishwa, kompyuta itapewa shule. Mzee hakupinga, naye alikuwa amezaliwa ndani ya nyumba ile, na kaburi la mkewe liko umbali wa kutembea. Alisema tu kwamba wenye akili ndio waamue.

Enyonam alimwita Kafui aisafishe kompyuta kabla haijapelekwa shuleni. Ilikuwa mchana, jua kali, Mwalimu amelala barazani na redio tumboni, Enyonam yuko uani anapika. Kafui akachomeka flashi yake, akawasha, akaingia kwenye ukurasa wa buluu ili aiambie kompyuta ianzie kwenye flashi. Mstari wa kwanza, diski, inafanya kazi. Mstari wa pili, imezimwa.

Alikaa. Alijaribu kukumbuka ni mjinga gani aliyeizima, na jibu likaja bila haraka, likiwa na gilasi ya maji na kicheko cha mzee ndani yake. Akaweka kiganja ubavuni mwa boksi, akaisikia: ile diski ilikuwa inazunguka. Alikuwa ameikata isisomeke, umeme hakuukata. Miezi minane kila kompyuta ilipowashwa, ilizunguka na nyimbo zote ndani yake, na mzee amekaa mbele yake akijiona mwendawazimu.

Akaiwasha. Ilimchukua muda wa kubonyeza vitufe vitatu. Zilikuwepo zote, arobaini na tatu, safu nne nne, na jina la Filomena la mwisho kwenye orodha. Kafui hajui kusoma solfa vizuri lakini aliufungua wimbo ule na kuutazama mpaka herufi zikafanya ukungu.

Hapa ndipo angesema. Wazee wetu wa pwani hii na Waswahili wa ile wanakubaliana kuwa mficha uchi hazai, na uchi wenyewe hapa ulikuwa mdogo, ungefunikika kwa sentensi moja. Enyonam alikuwa hatua kumi kutoka pale. Lakini Kafui alisikia tayari jinsi itakavyosemwa stendi: Efo Kafui hatoki na kitu, ila alitoka na kwaya nzima. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba amezirudisha. Enyonam alikuja mbio na mwiko mkononi. Alipouliza vipi, Kafui alisema kuna njia za kitaalamu za kuchimbua vilivyofutwa, si kazi ndogo, na alikuwa akizijaribu kwa muda. Uongo ulimtoka mwepesi, hata yeye ulimshangaza.

Enyonam alimshika mikono yote miwili. Mwalimu akaamshwa, akaja akijikokota, akaweka kidole kwenye skrini juu ya jina la mkewe. Kisha akauliza:

"Zilikuwa wapi?"

"Ndani humu humu, Mwalimu. Kwenye diski nyingine."

"Nyingine." Mzee alilitafuna neno lile. "Basi sikuzifuta. Nilizificha. Nilizihamisha mwenyewe nikazificha, na sijui."

Na juu ya kichwa cha baba yake, Enyonam alimtazama Kafui kwa macho ya huzuni yaliyosema unaona sasa, unaona kwa nini namchukua. Kafui aliinamisha uso. Alikuwa amerudisha nyimbo na kuuongeza ugonjwa.

Walimlazimisha kula. Wali na mchuzi wa kuku, paja lote lake. Akala, kwa sababu kukataa kungemtaka aeleze. Wakati wa kuaga alifika mlangoni, na kabla hajajizuia, kwa mazoea ya miaka, alifungua viganja vyake na kugeuza mifuko. Enyonam akacheka akasema nani atakushuku wewe, Efo. Njia nzima kurudi kibandani Kafui alitembea mikono ameikunja kifuani, haoni pa kuiweka.

Jumapili alivishwa kilemba cha ukoka mbele ya kanisa zima. Elikem alimwita asimame, akaeleza jinsi fundi wetu alivyozifufua nyimbo, na watu walipiga makofi, na akina mama walipunga leso. Kafui alitamani ardhi ipasuke. Aliinama, ikasemekana ni mnyenyekevu. Mwalimu Dzokoto alikuwa benchi la nyuma, naye akipiga makofi, taratibu, na mara kwa mara akiusimamisha ule mkono wa kulia na kuutazama.

Nyumbani Esinam alikuwa amenunua samaki wa kuchoma na abolo, mkate wa mahindi wa mvuke, chakula anachokipenda, akakiweka mbele yake kama bwana harusi. Kafui aliosha mikono, akaosha tena. Hakuweza kumeza. Mkewe alipomwuliza kama anaumwa, akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia kuku chini ya kitanda mpaka paja la kuku wa Enyonam, akiangalia bakuli. Alingoja afokewe. Esinam hakufoka. Alifunika samaki kwa sahani nyingine.

"Nililia hapa mbele yako," alisema. "Ukaniambia maskini mzee."

Kafui akasema hakujua wakati ule.

"Wakati ule hukujua. Leo ulipokuwa unapigiwa makofi, ulikuwa unajua?"

Esinam hakungoja jibu. Alimkumbusha tu kuwa gari la kwenda Tema linakuja Alhamisi asubuhi, akatoka nje.

Jumatatu Kafui alijiambia atakwenda Jumanne. Jumanne ilinyesha. Jumatano alifika mpaka getini kwa Mwalimu, akanunua karanga, akarudi. Nawaambia haya kwa sababu watu wengine hupenda kusimulia kuwa alikwenda mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Hakwenda kwa moyo mkunjufu. Alikwenda Alhamisi kwa sababu alilisikia lile gari likipita mbele ya kibanda chake, tupu, linaelekea kupakia.

Alikuta magodoro yamefungwa. Kompyuta ilikuwa imeviringishwa blanketi, tayari kupelekwa shule, na Mwalimu amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki, amevaa koti la safari, funguo za nyumba amezishika kwa mikono miwili. Enyonam alidhani amekuja kuaga, akamwita aingie. Kafui hakuingia. Alisemea pale pale mlangoni, pale anapofungulia viganja vyake.

"Mwalimu, hukuficha kitu. Hukufuta kitu. Ile diski niliizima mimi, siku ile ulipokuwa jikoni. Nikasahau. Na nilipokumbuka nikadanganya."

Mpakiaji mmoja aliyekuwa amebeba meza aliishusha.

"Rudia," Mwalimu akasema, kwa sauti ile ile ya darasa la tano.

Kafui akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa alijisikia akisema. Mzee akawauliza waliokuwepo kama wamesikia. Kisha akaamuru blanketi lifunguliwe.

Waliweka kompyuta juu ya sanduku la nguo. Kafui akapiga magoti kwa kuwa hapakuwa na kiti, akawaonyesha ukurasa wa buluu, mstari wa pili. Akauzima. Wakawasha: nyimbo hakuna. Akarudi, akauwasha. Nyimbo zipo. Mwalimu alivuta kiti chake karibu, akasema sasa mimi. Kwa kidole kile kile kimoja, Kafui akimwelekeza, alizima. Akatazama. Akawasha. Akatazama. Akazima tena. Hakuna aliyemharakisha, hata dereva, ambaye alikuwa amezima injini na kuja kuegemea dirisha. Mara ya tatu nyimbo ziliporudi, mzee aliuweka mkono wake wa kulia juu ya goti, akaupapasa kwa wa kushoto, kama mtu anayemwomba radhi mtoto aliyechapwa bure.

"Miezi minane," akasema, "nimekuwa nikirudi mlangoni mara mbili mbili."

Kafui alikuwa angali kwenye magoti. Alisema samahani, na neno lilikuwa dogo sana kwa chumba kile kitupu. Enyonam ndiye aliyelia, na alipopata sauti hakumwambia neno kubwa, alimwambia lile ambalo Kafui analikumbuka mpaka leo akiona kuku:

"Efo Kafui. Ulikula mchuzi wangu."

Mwalimu hakusema amesamehe. Alisema kwamba yeye alisimama mbele ya watu sitini, na Kafui hakuwepo. Jumamosi atakuwepo. Halafu akamgeukia binti yake akamwambia wateremshe magodoro. Enyonam akabisha, baba ana miaka sabini na sita, diski au si diski. Wakabishana nusu saa, na kwa jinsi mzee alivyokuwa akishinda kila hoja, Enyonam mwenyewe aliona kuwa hana mgonjwa wa kumpeleka Tema. Gari lilirudi tupu.

Jumamosi Kafui alisimama pale alipowahi kusimama mzee. Alisema yote, hata la kuku, kwa sababu Enyonam alibaki kusudi amsikie. Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, hakuwa amejiandaa kwa ukimya wa watu sitini wenye nguo za kazini wakimtazama. Besi mmoja mzee aliuliza kwa nini hakusema siku ile ile alipoiona. Kafui akasema aliona haya. Yule besi akauliza tena, kwa upole kabisa, na haya aliyoibeba Mwalimu, alibebeshwa na nani? Esinam, katikati ya alto, aliangalia kitabu chake. Elikem alishuka akampelekea mzee kijiti kule benchi la nyuma, mbio mbio kama mtu anayerudisha moto aliopewa kuushika. Mwalimu akaja mbele. Akageuza kurasa zilizochapishwa upya, akapita nyimbo arobaini na mbili, akasimama kwenye ule wa mwisho. Kafui alitaka kwenda kukaa. Mzee akamwashiria abaki pale pale mbele, na hapo ndipo alipousikia, amesimama, wote wakimwona, wimbo wa Mama Filomena mwanzo mpaka mwisho.

Wateja walipungua, kisha wakarudi. Mji wetu una mafundi wachache. Kikaratasi cha kwanza kiliandikwa wiki ileile, kwa amri ya Mwalimu: ulichofanya ndani ya kompyuta yangu kiandike, ukibandike nikione. Kafui akaandika kuwa diski ya pili imo, haijatolewa, ilizimwa mwezi wa tatu na kuwashwa mwezi wa kumi na moja. Mzee akakisoma kwa miwani, akamrudishia kama daftari lenye kosa. Akauliza jina liko wapi.

Hata sasa kompyuta ile ikisumbua, Mwalimu humwita yeye, hamwiti mwingine. Kafui huenda, hutengeneza, huandika, hubandika. Halafu mazoea hayafi: akifika mlangoni mikono yake hujifungua yenyewe, viganja juu, na Mwalimu Dzokoto, bila kuinuka kitini, humwambia kuwa viganja ameshaviona, amsomee karatasi. Naye hurudi, huinama ubavuni mwa boksi na kusoma kwa sauti, wakati mwingine wageni wamejaa sebuleni, mpaka kwenye jina.